Mkulima Anahesabiwa na Wengi: Je, Yeye Mwenyewe Anahesabu?

Miaka hii mkulima mdogo wa Tanzania anaandikwa na watu wengi. Tangu msimu wa 2022/2023, serikali ilipoanzisha ruzuku ya mbolea baada ya bei yake kupanda duniani kote, anayetaka kununua mfuko kwa bei nafuu hana budi kuandikishwa kwanza, pamoja na eneo la shamba lake na mazao anayolima. Anayepeleka korosho kwenye chama chake cha msingi hupimiwa mzigo, hupewa stakabadhi, kisha husubiri mnada na makato. Anayeomba mkopo benki huulizwa alivuna kiasi gani, aliuza kwa nani na anatarajia kupata nini. Na sasa mkulima wa kahawa anaambiwa kwamba shamba lake lazima lijulikane mahali lilipo, kwa vipimo vya setilaiti, la sivyo kahawa yake itapata shida kuingia katika soko la Ulaya.

Takwimu hizo zote zina sababu zake, na nyingi ni sababu njema. Lakini kuna jambo moja linalopaswa kutufikirisha. Katika kaya nyingi za vijijini, taarifa za shamba zimo katika ofisi ya kijiji, katika kompyuta ya wizara, katika leja ya chama cha ushirika na katika simu ya mnunuzi, huku nyumbani kwa mwenye shamba hakuna hata ukurasa mmoja. Mkulima amekuwa mtu anayehesabiwa bila yeye mwenyewe kuhesabu. Makala hii inajenga hoja kwamba pengo hilo si dogo. Asiyekuwa na kumbukumbu zake mwenyewe, za mavuno na za fedha, hawezi kujua kama shamba linamlisha au yeye ndiye anayelilisha shamba, na hawezi kusimama kama mtu huru mbele ya wale wanaomhesabu.

Wahenga walikwisha kuliona hilo waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jambo la kuangaliwa zaidi katika methali hiyo ni yale maneno mawili ya mwisho. Mali hupotea kwa njia nyingi, kwa ukame, kwa wadudu, kwa bei mbaya. Balaa la kukosa daftari ni kwamba hata baada ya kupotea, mwenye mali hajui ilipotea wapi.

Somo la korosho na somo la kahawa

Mifano miwili ya karibuni inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mwezi Novemba 2018, bei waliyotoa wafanyabiashara ilipokataliwa kuwa ndogo mno, serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kusomba mzigo. Kabla ya malipo ulifanyika uhakiki, ili kuwatenga wale waliojipatia korosho kwa kangomba, yaani ununuzi holela wa bei ya chini kutoka kwa wakulima wenye shida. Mtu alitakiwa kuthibitisha kwamba ana shamba, na kwamba shamba hilo linaweza kweli kutoa kiasi alichopeleka ghalani. Mwenye kumbukumbu za mavuno ya miaka mitatu au minne angekuwa na jibu la haraka mbele ya swali hilo. Asiyekuwa nazo alitegemea neno la jirani, la mwenyekiti na la mhakiki.

Mfano wa pili ni wa kahawa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inataka bidhaa saba, zikiwemo kahawa, kakao na mbao, zithibitishwe kwamba hazikutoka katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini maandalizi yanaendelea, na katika maeneo ya kahawa mashamba yanapimwa. Wanaopima ni vyama, makampuni na taasisi. Mkulima wa Moshi, wa Mbinga au wa Karagwe ambaye hakuchukua nakala ya vipimo vya shamba lake mwenyewe atajikuta kesho anamwomba mnunuzi taarifa za ardhi aliyorithi kwa babu yake. Na mnunuzi aliye peke yake na taarifa hizo ana nguvu moja zaidi ya kupanga bei.

Kumbukumbu za aina mbili zinazosomwa pamoja

Wengi wanapoambiwa watunze kumbukumbu hufikiria orodha ya matumizi. Orodha hiyo ni ya lazima, lakini ni nusu tu ya kazi. Shamba linahitaji kumbukumbu za aina mbili.

Za kwanza ni za uzalishaji: ukubwa wa kila kipande cha ardhi, tarehe ya kupanda, mbegu na mbolea iliyotumika na kiasi chake, siku za kazi na waliozifanya, mvua iliponyesha au ilipokatika, na mavuno kwa kilo. Inafaa kusisitiza neno kilo. Gunia si kipimo cha kutegemewa katika nchi ambayo lumbesa bado inapigwa vita mwaka hata mwaka. Mkulima anayeandika kwamba ameuza magunia 20, kumbe kila gunia lilikuwa na kilo 120, amekwisha kumpa mnunuzi kilo 400 bure, na daftari lake linamdanganya kwamba shamba lilitoa kilo 2,000 wakati lilitoa 2,400.

Za pili ni za fedha: kila kilichotoka na kila kilichoingia, pamoja na riba, usafiri, ushuru na makato ya chama. Humo pia lazima iandikwe thamani ya chakula kilichobaki nyumbani, kwa bei ya soko. Mahindi yaliyoliwa na watoto ni mapato ya shamba sawasawa na yale yaliyouzwa. Kaya inayoyasahau hujiona maskini kuliko ilivyo, na mara nyingine huacha zao linalowalisha kwa ajili ya zao linaloleta fedha kidogo tu.

Kila aina ikisomwa peke yake hupotosha. Mavuno makubwa huweza kuficha hasara, na matumizi madogo huweza kuficha uvivu wa ardhi au uchovu wa watu. Ili kuliona hilo, tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu za kukadiria, wa majirani wawili wanaolima mahindi katika nyanda za juu kusini, kila mmoja eka 2.

Majirani wawili

Jirani wa kwanza alikopa, akanunua mifuko 8 ya mbolea na kuajiri vibarua. Trekta ilimgharimu shilingi 120,000, mbegu 160,000, mbolea 600,000, viuatilifu 80,000, vibarua wa palizi 240,000, kuvuna na kupukuchua 180,000, magunia na usafiri 144,000, riba 126,000. Jumla ni shilingi 1,650,000. Alivuna magunia 36 ya kilo 100, na kijiji kizima kilimsifu.

Jirani wa pili hakukopa. Alitumia mifuko 4 ya mbolea, na palizi ilifanywa zaidi na mkewe, watoto na yeye mwenyewe. Trekta 120,000, mbegu 160,000, mbolea 300,000, viuatilifu 40,000, vibarua wa palizi 60,000, kuvuna 60,000, magunia na usafiri 104,000. Jumla ni shilingi 844,000. Alivuna magunia 26, na hakuna aliyemsifu.

Tuyathamini magunia yote, yaliyouzwa na yaliyobaki kwa chakula, kwa shilingi 60,000 kila moja. Wa kwanza amezalisha mali ya shilingi 2,160,000, na baada ya gharama anabaki na 510,000. Wa pili amezalisha mali ya 1,560,000, na anabaki na 716,000. Aliyesifiwa kijijini amepata kidogo kuliko asiyesifiwa. Kila gunia la wa kwanza lilimgharimu shilingi 45,800 hivi, na la wa pili 32,500 hivi. Bei ikishuka hadi 45,000, wa kwanza ataingia hasara ya shilingi 30,000 huku mkopo ukimsubiri. Wa pili bado atakuwa na 326,000 juu ya fedha alizotoa.

Je, basi, wa pili ndiye mkulima bora? Hapo ndipo kumbukumbu za kazi zinapoingia. Tuseme familia ya kwanza ilifanya kazi shambani siku 40, na ya pili siku 110, tukihesabu siku ya kila mtu. Ukigawa kilichobaki kwa siku za kazi, familia ya kwanza ilipata shilingi 12,750 kwa siku. Ya pili ilipata 6,500 hivi. Bei ikishuka hadi 45,000, familia ya pili itakuwa imefanya kazi kwa shilingi 2,960 hivi kwa siku. Kama kibarua kijijini hulipwa 5,000, maana yake ni kwamba shamba hilo halikupata faida yoyote; lilipona kwa jasho ambalo hakuna aliyelilipa.

Mfano huu hautaki kumtangaza mshindi. Jirani wa kwanza anajifunza kwamba udhaifu wake ni gharama ya gunia na tarehe ya kulipa mkopo, inayomlazimisha kuuza wakati wa mavuno bei ikiwa chini kabisa. Labda mbolea kidogo zaidi ingetosha, au sehemu ya mahindi ingehifadhiwa katika mifuko ya kinga njaa hadi bei ipande. Jirani wa pili anajifunza kwamba udhaifu wake ni mavuno haba kwa eka na kazi nyingi mno kwa kila gunia. Labda mfuko mmoja zaidi wa mbolea kwa eka, au kupanda mapema, kungemlipa kuliko anavyodhani. Dawa zao ni tofauti, na hakuna hata mmoja ambaye angeijua yake kwa kutazama ghala tu.

Jasho lisiloandikwa

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mwanamke Mkulima. Tutasikia hotuba nyingi. Lakini katika ngazi ya kaya, njia iliyo wazi kabisa ya kumheshimu mwanamke mkulima ni kuandika kazi yake. Siku zile 110 za jirani wa pili, ni ngapi zilikuwa za mama? Ngapi zilikuwa za mtoto aliyekosa masomo wakati wa palizi? Daftari lisilo na safu ya siku za kazi linasema, bila kusema, kwamba kazi hiyo haina thamani. Na kazi isiyo na thamani katika hesabu haipati sauti wakati wa kugawana mapato. Mara nyingi baba hupokea fedha ya kahawa au ya korosho kwa sababu jina lake ndilo lililo kwenye chama, na mama hajui hata kilo zilizopimwa.

Kwa hiyo daftari la shamba lisiwe siri ya mtu mmoja. Liwe mezani, lisomwe na mume na mke pamoja, na watoto wakubwa wafundishwe kulijaza. Mtoto wa darasa la sita anaweza kabisa kupiga hesabu tulizozipiga hapo juu, na huenda ndilo somo la hisabati litakalomfaa kuliko yote. Wapo wazee wasiojua kusoma ambao wamekuwa wakiogopa madaftari maisha yao yote. Kwao msaada wa mjukuu ni heshima, wala si aibu.

Mazao yanayohitaji uvumilivu

Kwa mahindi, msimu mmoja huweza kufundisha mengi. Kwa mazao ya kudumu haitoshi. Mkahawa hupandwa na kuhudumiwa miaka kadhaa kabla ya kutoa mavuno ya maana, na baadaye huwa na tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Anayepima shamba lake kwa mwaka wa neema hujiona tajiri, na anayelipima kwa mwaka wa mapumziko hufikia kung'oa miti. Kumbukumbu za miaka minne au mitano ndizo zinazoonyesha wastani wa kweli. Pia zinamsaidia mkulima kulinganisha matunda aliyopeleka na kahawa aliyolipwa. Kwa kawaida huhitajika takriban kilo 6 za matunda mabivu kupata kilo 1 ya kahawa safi. Mwenye kujua kilo zake za matunda anaweza kuuliza swali la haki pale hesabu za chama zinapoonekana kupwaya.

Hali ni hiyo hiyo kwa mfugaji. Ng'ombe wa maziwa anayependwa kwa umbo lake huenda ndiye anayekula pumba nyingi na kutoa lita chache. Lita za asubuhi na jioni zikiandikwa kwa kila ng'ombe, pamoja na tarehe ya kupandishwa na ya kuzaa, uamuzi wa yupi abaki na yupi auzwe hautategemea mapenzi.

Mbele ya chama na benki

Vyama vya ushirika vina historia ndefu kwetu. Chama kikuu cha wakulima wa Kilimanjaro, KNCU, kilianza mwaka 1933. Vimewanyanyua wengi, na mara nyingine vimewaumiza wanachama wake kwa hesabu zisizo wazi. Lipo Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, linalokagua vitabu vyao. Lakini mkaguzi huona vitabu vya chama. Haoni kilo alizopeleka mwanachama mmoja mmoja kama mwanachama mwenyewe hakuziandika. Mkutano mkuu ambao wanachama 200 wamekuja na madaftari yao ni mkutano tofauti kabisa na ule ambao wamekuja na malalamiko tu.

Kwa upande wa mikopo, mwaka 2021 Benki Kuu ilitangaza hatua za kuziwezesha benki kukopesha kwa riba isiyozidi asilimia 10, kilimo kikiwa mlengwa mkubwa. Riba nafuu ni neema, ila haibadilishi swali la msingi: je, shamba lina uwezo wa kurudisha fedha hiyo? Mkulima mwenye kumbukumbu za misimu mitatu hujibu swali hilo kabla benki haijamuuliza, na wakati mwingine jibu lake mwenyewe huwa ni kutokukopa. Bwana Yesu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alimzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kupiga gharama. Alikuwa akifundisha juu ya kumfuata, lakini mfano wake aliutwaa katika busara ambayo wasikilizaji wake waliijua vizuri. Kiwanja kilichouzwa ili kufidia mkopo wa pembejeo ni mnara ambao haukupigiwa gharama.

Pingamizi za kweli

Wapo watakaosema kwamba daftari haliongezi bei wala halileti mvua. Wanasema kweli. Mkulima anaweza kuandika kila senti kwa uaminifu na bado akanyonywa, kwa sababu bei ya kahawa hupangwa katika masoko ya mbali na bei ya mahindi huweza kuporomoka kwa siku moja mpaka unapofungwa. Kumwambia maskini kwamba umaskini wake umetokana na kutoandika ni kumtwisha mzigo wa wengine. Kumbukumbu haziondoi udhalimu. Kazi yake ni kuutenganisha na uzembe, ili kila kimoja kitibiwe kwa dawa yake. Wakulima wanaoweza kuonyesha kwamba gunia liliwagharimu 45,000 nao wanapewa 40,000 wana hoja ambayo mbunge, wizara na Kanisa wanaweza kuibeba.

Wengine huogopa kwamba kilichoandikwa kitatumiwa na mtoza kodi au na ndugu wenye kuomba. Hofu hiyo inaeleweka. Ndiyo sababu daftari ni la familia, na familia ndiyo iamue nani alione na kwa lengo gani.

Tunaloweza kuanza nalo

Waraka Mater et Magistra wa Papa Yohane XXIII, wa mwaka 1961, ulikipa kilimo nafasi kubwa, na ulifundisha kwamba wakulima wenyewe ndio wanaopaswa kuwa watendaji wakuu wa kuinuliwa kwao. Huwezi kuwa mtendaji mkuu wa jambo ambalo hesabu zake ziko mikononi mwa wengine.

Hatua za kuanzia si ngumu. Daftari moja la kurasa 100, lenye upande wa shamba na upande wa fedha. Mizani ya kuazimana katika jumuiya ndogo ndogo. Nakala ya kila stakabadhi, na nakala ya vipimo vya shamba kila vinapochukuliwa. Jioni moja kwa juma ya kuandika, na siku moja baada ya mavuno ya kuketi familia nzima na kuuliza maswali manne: eka moja imetoa kilo ngapi, kilo moja imetugharimu kiasi gani, siku moja ya kazi yetu imelipa nini, na bei ikishuka tutasimama wapi. WAWATA na vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo tayari vina utamaduni wa kuandika hisa kila juma, vinaweza kuwafundisha wengine bila kusubiri mradi wowote.

Parokia na taasisi za Kanisa zenye mashamba nazo zinaalikwa kuwa za kwanza. Waamini wanaojitolea kulima shamba la parokia wana haki ya kusomewa kilivunwa nini, kiligharimu nini na kilitumika wapi. Msimu wa masika unapokaribia, kabla ya jembe la kwanza kuingia ardhini, ukurasa wa kwanza wa daftari hilo unaweza kuandikwa leo: jina la shamba, ukubwa wake na tarehe.